Kisirani Ni Mjukuu Wangu

Nyumbani, 3 Februari

Mume wangu mdogo,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, maana nakujua kwa uvivu wa kalamu. Marahaba. Sisi huku hatujambo. Miguu yangu ni ile ile, inakwenda inapotaka yenyewe. Baba yako mzima, bado anazunguka kusoma mita za maji, na mbwa wa mji mzima sasa wanamtambua kwa mwendo. Mama yako amepaka jiko lao rangi ya kijani kama chura, na sikuulizwa. Mama Pacha wa jirani anakusalimu. Wale mapacha wake wameanza shule, na nasikia mwalimu wao ameshaomba uhamisho.

Sasa nikuulize jambo, unijibu kama mtu mzima. Jana jioni ulikuwa unafanya nini ndani ya televisheni yangu?

Usijifanye hujui. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu na majirani wamejaa, tunatazama ile tamthilia ya Kichina inayokuja baada ya taarifa ya habari, ya mama mjane kama mimi, anayefanya kazi kiwanda cha nguo. Majina yao yanatushinda, kwa hiyo tumewapa ya kwetu. Yeye tunamwita Mama Kiwanda, na yule mtengeneza baiskeli anayempenda ni Mzee Baiskeli. Basi mlango ukafunguka, akaingia kijana mrefu wa Kichina, suti nyeusi, nywele zimelazwa kwa mafuta. Ndiye mtoto mkubwa wa Mama Kiwanda, anaishi mji mkuu huko. Akafungua mdomo akasema, "Mama, nimerudi." Kikombe kikanitoka mkononi. Uso wa Kichina, sauti ya mjukuu wangu niliyemwogesha kwenye beseni!

Baba yako akasema, "Mama, sauti hufanana." Hufanana! Mimi nilikaa kwenye mtambo wa simu wa posta nikiunganisha watu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Mtu akisema haloo tu, nilijua ni nani, amekula au hajala, na kama amegombana na mkewe. Ndiyo maana simu siipendi mpaka leo, na ndiyo maana mimi na wewe tunaandikiana barua. Kwenye simu daima kuna mtu wa tatu anayesikiliza, na kwa miaka mingi mtu huyo nilikuwa mimi. Basi nikawaambia wanyamaze, na wakati huo huo yule kijana akakohoa. Kikohozi chako kile cha kuvuta ndani kwanza ndipo kitoke. Nikasema, haya, bisheni tena.

Ulituambia umepata kazi ya lugha ofisini. Ofisi gani hiyo inayokutuma ukamsumbue mama wa watu? Maana huyo mtoto ni mbaya, hana salamu, anamkagua mama yake kama mkaguzi wa stoo. Mapacha wamembandika jina la Kisirani, na jina limeshika.

Niambie kitu kimoja tu. Mama Kiwanda atamkubali Mzee Baiskeli, au hatamkubali? Wewe uko ndani, unajua. Nauliza tu kwa kuwa nauliza.

Televisheni yenyewe ni nzima. Fundi wa redio wa pale kona, yule mgane mwenye miwani iliyofungwa uzi, hupita jioni kuangalia kama picha imetulia. Picha imetulia. Huiangalia mpaka tamthilia inakwisha.

Vaa soksi.

Mkeo mkubwa,
Bibi


Mbali, 27 Februari

Mke wangu,

Shikamoo Bibi. Mimi mzima, na soksi nimevaa, tena juu ya soksi nyingine, maana baridi ya huku inaingia hata mifukoni. Mwambie Mama kijani ni rangi nzuri. Baba mpe pole ya mbwa. Mapacha waambie nimesikia jina walilonipa na tutaonana.

Umenikamata. Kweli polisi walipoteza mpelelezi. Ni mimi, Bibi. Sikusema uongo, ofisi ni ya lugha, ila mkataba wetu unakataza kutaja tamthilia yoyote kabla haijaonyeshwa, na ikishaonyeshwa unakataza kumwambia mtu yeyote kitakachofuata, awe mke, mume au mzazi. Nilipoona bibi hawakuandikwa nikaenda kumuuliza msimamizi. Akaniambia na bibi yumo. Akasema hasa bibi.

Ngoja nikuonyeshe kazi yenyewe. Jengo letu lina korido ndefu, milango huku na huku, na nyuma ya kila mlango kuna chumba kidogo kilichogongomewa magodoro ukutani ili sauti isitoke. Chumba kimoja Mama Kiwanda analia kwa Kiswahili. Cha pili analia kwa Kihausa. Ng'ambo analia kwa Kifaransa, mwisho wa korido kwa Kireno, na kwa Kiarabu anaanza kulia baada ya chakula cha mchana kwa sababu chumba ni cha kupokezana. Mlango ukiachwa wazi namsikia, nami napita na chai yangu. Uso ni mmoja, machozi ni yale yale, na kila mmoja kwao anadhani analia kwa ajili yake peke yake. Tamthilia hizi zinakwenda kila mahali, Bibi. Nilikuwa nadhani ni sisi tu tulioshikwa.

Mimi husimama mbele ya maiki, hedifoni masikioni, namtazama Kisirani mdomoni. Akifungua nafungua, akifunga nafunga. Shida ni kwamba yeye husema kitu kifupi kama chafya, halafu kwetu kinatoka sentensi nzima, kwa hiyo naikimbiza kama mtu aliyeachwa na basi. Msimamizi tunamwita Rudia, kwa kuwa ndilo neno lake. Ukikosea, rudia. Ukipatia, vizuri sana, rudia.

Mchana, sisi akina Kisirani wa lugha zote tunakula meza moja. Hatukupanga, tulijikuta tu. Kila mmoja ana kesi kwao. Wa Kihausa, shangazi yake hapokei simu zake. Wa Kireno ana mchumba, na mama wa mchumba ameanza kuuliza maswali. Wa Kiarabu ni mtu mpole kuliko wote, anafuga njiwa, lakini dada zake wamemwambia asije na sauti hiyo kwenye harusi. Niliwasomea barua yako, nikawatafsiria kile kikombe kilichokutoka. Walicheka mpaka Rudia akaja kutazama.

Sasa tuje kwenye ndoa yetu. Huyo Fundi anayetazama picha iliyotulia, nani amempa ruhusa? Mwambie mwenye nyumba hajafa, amesafiri tu. Na akirudi atataka kujua kiti chake kimekaliwa na nani.

Mumeo mwenye wivu


Nyumbani, 22 Machi

Mjukuu,

Marahaba. Barua yako imefika. Hatujambo. Mama yako sasa ameligeukia jiko langu kwa macho ya rangi. Baba yako ana bendeji mguuni. Mbwa ni wa mwenye duka la dawa, kwa hiyo angalau kahudumiwa hapo hapo.

Mji wote umekuchukia. Muuza mboga ananiita Bibi Kisirani, na juzi akaniambia nyanya zimekwisha huku naziona zimepangwa mbele yake. Mpaka nilipoahidi kukusema ndipo nyanya zikapatikana. Watoto wakinyimwa kitu wanakunja uso na kusema, "Basi mimi si mwanao tena!" na wanaondoka wamelaza nywele kwa maji. Nimepata umaarufu uzeeni kwa sababu mbaya, na nisikudanganye, siuchukii.

Lakini neno hilo ulilisema vizuri mno. Ilikuwa hivi. Mzee Baiskeli kapiga pasi koti lake, kaja kumposa Mama Kiwanda, kasimama mlangoni na maua yake. Ukatokea wewe. Ukasema, "Mama, ukiolewa na mtu huyu, mimi si mwanao tena." Sebule ilikuwa imejaa. Halafu baba yako, ambaye siku hizi huja kutazama na mguu wake ameupandisha kwenye kigoda, akasema, "Kijana anasema kweli. Mama wa umri ule anatafuta nini tena?"

Fundi alikuwa amekaa karibu na dirisha. Akainuka, akasema kuna redio ya mtu inamsubiri. Chai yake aliiacha haijaguswa. Tangu siku ile hajapita. Ni sawa. Televisheni haina tatizo.

Kuna mwanamke mmoja ninayemfahamu, jina silitaji, na mwanamke huyo si mimi, usianze. Ameulizwa swali lile lile aliloulizwa Mama Kiwanda. Aliyemuuliza ni mtu mwema, mpole, asiyemaliza sentensi zake. Mwanamke huyo hakusema ndiyo wala hapana. Alisema, "Nitakujibu tamthilia ikiisha." Alisema hivyo kwa kuwa alikosa la kusema, lakini keshasema. Sasa anamwangalia Mama Kiwanda atafanyaje. Na anamsikiliza Kisirani.

Kwa hiyo nakuuliza tena, na habari za mkataba nimezisikia. Mwisho wake ni nini?

Bibi yako


Mbali, 25 Machi

Mke wangu mpenzi,

Shikamoo. Barua yako bado sijaiona, lakini nimeshindwa kungoja. Mimi mzima, ila koo limekwaruzika na nimepewa asali. Sababu ya koo ni kwamba jana nilimfukuza Mzee Baiskeli kutwa nzima. Nilimfukuza mlangoni, nikamfukuza kiwandani, nikamfukuza na kwenye kituo cha treni. Rudia aliketi akasikiliza, akasema hasira yangu ina adabu nyingi. Rudia! Nikamfukuza upya.

Anayemwingizia sauti Mzee Baiskeli ni rafiki yangu, jamaa mnene, mcheshi, zamani alikuwa anatangaza mechi za mpira kwenye redio. Tunasimama bega kwa bega kwenye maiki moja. Mimi namwita mzee asiye na aibu, yeye ananiomba msamaha kwa sauti ya kutetemeka, na Rudia akisema basi tunakwenda kugawana mkate. Juzi nilipomtukana akajisahau, akajibu kwa sauti ya kutangaza mpira. Tulicheka mpaka taa nyekundu ya kurekodi ikazimwa.

Sasa kwa kuwa sauti ya kufukuza ninayo na bado ina moto, naitumia. Sikiliza, ewe Fundi! Chukua bisibisi yako na miwani yako ya uzi, toka nyumbani kwangu! Mke huyu ana mwenyewe! Nikikukuta hapo mimi si mjukuu wa mtu tena!

Bibi, msomee hivyo hivyo, kwa sauti. Natamani nimwone uso.

Mumeo, simba wa korido


Mbali, 20 Aprili

Bibi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena. Habari zenu nitauliza mwishoni, nisamehe, leo siwezi kuanza na jiko.

Barua yako ya Machi imenifikia leo asubuhi. Imezunguka sijui wapi, ina mihuri kama kitambaa cha viraka. Nimeona umeanza na neno "Mjukuu." Tangu nijue kusoma hujawahi kuniandikia hivyo, na nikajua kuna jambo kabla sijafika mstari wa pili. Nilipofika kwa yule mwanamke ambaye si wewe, nikacheka. Halafu nikakumbuka nilichokuandikia siku tatu tu baada ya wewe kuandika hii, na kicheko kikanikauka.

Bibi, ule ulikuwa utani! Unajua ulikuwa utani. Mimi na wewe tumeoana tangu nikiwa na meno ya maziwa, na tangu hapo kila mwanamume anayekuomba maji ya kunywa namtishia fimbo. Sikujua kwamba safari hii kuna mtu kweli. Nilisema Fundi asionekane, nami moyoni sikuwa na Fundi yeyote, nilikuwa na miwani tu. Kama umemsomea, niambie, nitamwandikia mwenyewe nimwombe radhi. Kama hujamsomea, choma.

Na yale ya kwenye televisheni si mimi niliyesema. Naona haya hata kuyaeleza, maana unajua. Lakini naelewa pia. Wewe umewajua watu wote maishani mwako kwa sauti zao, halafu sauti yangu ikaja sebuleni kwako mbele ya majirani, ikasema mama asiolewe, na baba yangu akaitikia.

Mwisho wa tamthilia siusemi. Si kwa ajili ya mkataba. Siusemi kwa sababu haukuhusu. Mama Kiwanda hana hiari, Bibi. Maneno yake aliyaandika mtu, mwingine akayatafsiri, na anayeyasema kwa Kiswahili ni dada mmoja hapa ambaye hula karanga katikati ya machozi. Akitaka kukubali hawezi, akitaka kukataa hawezi. Wewe unaweza. Usimngoje.

Mchana nilikwenda mezani sina hamu ya kula. Wakaniuliza, nikawaambia yote. Ikawa kama baraza. Kisirani wa Kihausa akasema, "Huyo mzee anakuja kila siku hata kama picha ni nzima? Huyo ni mtu wa kweli." Wa Kireno akauliza kama Fundi anakunywa pombe, nikasema sijui, akasema hata akinywa, bibi aolewe. Mpole wa njiwa alifikiri sana kisha akasema bibi yake mwenyewe alikataa kwa kuogopa watoto, na watoto wenyewe hawakumtembelea. Tukapiga kura. Wana wabaya wote wa dunia wameinua mikono, Bibi, hakuna aliyepinga, na rafiki yangu Mzee Baiskeli akainua yote miwili mpaka tukamwambia ashushe mmoja.

Olewa. Nasema kwa sauti yangu mwenyewe, bila maiki. Nataka uwe na mtu wa kuongea naye taarifa ya habari ikiisha. Baba namwandikia leo leo.

Hamjambo nyote? Mguu wa Baba?

Mjukuu wako anayekupenda sana


Nyumbani, 14 Mei

Mtalaka wangu mpendwa,

Ndiyo, umesoma sawasawa, nitakueleza. Marahaba zote mbili. Mguu wa baba yako umepona, na mbwa amehamishwa. Mama yako alinishinda, jiko langu nalo ni kijani, na ukitaka kujua ukweli nimelipenda, lakini usimwambie. Mapacha wamebadilishiwa mwalimu. Huyu mpya ni mwanamke, sauti yake ndogo, na wanamwogopa vibaya.

Nianze na ile barua yako ya kufukuza. Tarishi hakunikuta, akaiacha dukani kwa Fundi. Fundi mwenyewe akaileta. Hakuingia, alisimama mlangoni. Nami sikuwa na subira, nikaifungua hapo hapo, nikaisoma mbele yake yote mpaka "simba wa korido." Akauliza, "Mjukuu anasemaje?" Nikamwambia, "Anakusalimu sana." Uso ukamfunguka. Akasema, "Nami namsalimu, mwambie na..." halafu akaenda zake. Nilirudi ndani nikakaa. Nilijua ni utani, utani umefundishwa na mimi. Ila mimi husoma kwa masikio, na masikioni ilikuwa sauti ya Kisirani. Ndiyo maana sikukujibu. Nilikuwa sina hasira.

Basi siku ya mwisho ikafika. Watu walikaa mpaka kwenye kizingiti, wengine dirishani kwa nje. Muuza mboga alifunga meza yake mapema akaja na kiti chake. Fundi hakuwepo. Na unajua ulichofanya, mwanaharamu wee wa Kichina. Mama Kiwanda alimkataa Mzee Baiskeli. Mzee wa watu akasukuma baiskeli yake kwa mkono, hata kuipanda hakuweza. Wewe ukasema, "Asante, Mama. Umetunza heshima yetu." Ukabeba begi lako, ukapanda treni, ukarudi kwa mkeo. Na yeye akabaki mezani na bakuli moja na vijiti vyake. Wakaandika maneno yao ya kumaliza juu ya uso wake.

Sebule nzima ililia. Mama Pacha alilia kwa sauti kama kafiwa. Mimi sikulia hata tone. Nilikasirika! Nilimkasirikia yule mwanamke kuliko nilivyowahi kukukasirikia wewe. Nikamgeukia baba yako.

"Wewe, ukitoka hapa sasa unakwenda wapi?"

"Nyumbani, Mama."

"Kuna nani?"

"Si mke wangu yupo? Ameshapika."

"Haya. Nilitaka kujua tu."

Akaangalia televisheni. Palikuwa na tangazo la sabuni, akaliangalia lote. Halafu akasema polepole, "Hivi huyu Fundi siku hizi hapiti kwa nini?" Mama Pacha akajifuta macho akamwambia, "Uulize mdomo wako." Baba yako ni mkaidi, tumemzaa hivyo, lakini hajawahi kuwa mjinga. Akainuka, akavaa ndala, moja yake na moja ya muuza mboga, akatoka akichechemea.

Akarudi na Fundi. Naye maskini kaja na mkoba wake wa vifaa, kaitwa haraka, kadhani televisheni imekufa. Akapita katikati ya watu, akaishika huku na huku. Akasema, "Mbona ni nzima?"

Nikasema, "Ni nzima. Tamthilia imeisha."

Hakuna mtu aliyefikiria kwenda kwao. Fundi akasimama na bisibisi mkononi. Akauliza, "Imeishaje?"

Nikasema, "Vibaya sana. Mimi jibu langu ni ndiyo."

Ungesikia zile kelele ungeacha kazi. Huyo anayetangaza mpira kwenu angepata cha kutangaza. Muuza mboga alinikumbatia akanipa nyanya za bure wiki nzima. Baba yako alimshika Fundi mkono, akautikisa, akashindwa kuuachia. Baadaye jikoni aliniambia, "Mama, niliongea bila kufikiri." Nikamwambia najua, nimekuzoea, kula.

Tumefunga ndoa Jumamosi iliyopita, asubuhi, watu wachache. Baba yako alisimama upande wangu, kachana nywele. Mapacha walipewa pete waishike, wakaipoteza, ikapatikana kwenye kiatu. Fundi aliulizwa kama anakubali, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alimaliza sentensi.

Na barua yako ya Aprili, ile ya kura za mikono, imefika juzi. Ruhusa imewasili bibi harusi keshazoea! Tumeisoma pamoja. Nilimsomea na ile ya Machi pia, na kwa sauti kama ulivyoagiza. Ulitaka kujua uso wake ulikuwaje. Alicheka mpaka akavua miwani. Waambie wana wabaya wote wa hiyo meza yenu kwamba bibi yenu anawashukuru, na mwenye njiwa aende kwenye harusi ya dada zake asiogope. Barua yako kwa baba yako nayo imefika. Amenionyesha mstari mmoja tu, iliyobaki kaikunja kaweka mfukoni.

Haya, sasa wewe ni huru, tafuta msichana. Mimi nimepata wangu. Fundi anataka kuweka salamu zake hapo chini. Nakwenda kutafuta bahasha, na nimemwambia asizidishe.

Bibi yako


Mjukuu, salamu. Hapa ni mimi Fundi. Sijazoea kuandika barua, nimezoea kuandika "imetengenezwa" na tarehe.

Kuna jambo ambalo yeye hatakwambia, kwa hiyo naliandika haraka kabla hajarudi. Nilikuwa nakaa pale dirishani, namwona. Kila ulipoingia kwenye picha ukasema, "Mama, nimerudi," watu wote walikuzomea, naye alikuwa anajibu chini chini, "Karibu, baba." Kila jioni. Hata siku ile ya maneno makali, hata ile ya mwisho, wameniambia walioketi karibu naye. Sasa tamthilia imekwisha. Taarifa ya habari ikimalizika yeye hubaki kwenye kiti, husikiliza kidogo wale wanaofuata, kisha huzima.

Najua kuna mkataba na sitauliza hadithi. Nauliza tu unasikika tena lini, na kwa uso gani, ili tujue wa kumtazama. Hata wakikupa mtu mbaya kuliko huyu, tafadhali kubali.